Wodi ya Mafaili

"Nani kaandika taka?"

"Wewe ulisema taka!"

"Sijakuuliza nani kasema. Nimekuuliza nani kaandika!"

"Mjomba, mimi naandika unachosema. Ndiyo kazi yenyewe."

"Kazi! Na hii nayo unaiita kazi! Kumganda mtu ubavuni wiki sita kama kupe, unaandika mpaka anavyopiga chafya!"

Ilikuwa Ijumaa, saa tatu na robo asubuhi, tuko masjala. Mjomba ameshika karatasi aliyoibandua mlangoni, anaipunga hadi inalia. Ilikuwa imeandikwa hivi: *Leo saa nne. Masjala. Kuondoa taka, rafu ya nyuma ya mlango. Magunia kumi na mawili. Zipelekwe kusagwa.* Chini yake: *Kwa taarifa ya mwandishi wa hatua.* Na mwandishi wa hatua wa masjala alikuwa mmoja tu duniani. Mimi.

"Punguzeni sauti," akasema Mama Mihuri. "Ghorofa ya pili wanatusikia."

"Wasikie! Wasikie nilivyofuga nyoka nyumbani kwangu, namnywesha na uji!"

"Uji wenyewe sinywi siku hizi," nikasema.

Hapo nilikosea. Kuna ugomvi unapoa kwa utani na kuna ugomvi ambao utani ni mafuta ya taa. Mama Mihuri alifumba macho kabisa.

Ngoja niwaeleze, maana nikianza na kelele hizi mtadhani sisi ni watu wabaya. Huyu ni mjomba wangu kabisa, kaka wa mama, tumbo moja. Nilipomaliza shule nilikuja kukaa kwake kungoja matokeo, na kungoja kwenyewe kukawa kungoja, nazunguka mle ndani kama kuku aliyekosa pa kutagia, mpaka mkewe akamwambia mumewe mtafutie mwanao shughuli kabla hajanivunjia kiti cha pili. Mjomba yuko Mamlaka ya Maji. Ni kubwa, watu zaidi ya mia tisa, ghorofa nane, na kila nyumba yenye bomba mjini ina faili lake mle. Mafaili yote hayo yako masjala, chini ya ngazi kuu, chumba hakina dirisha, rafu za chuma zimepanda hadi darini, na kuna ngazi ya magurudumu manne ambayo moja halizunguki, kwa hiyo ukiisukuma inakwenda upande kama kaa. Mjomba ana miaka ishirini na saba mle. Ukimtajia mtaa na rangi ya geti, anakupa namba ya faili. Sitii chumvi. Nimemjaribu.

Mama Mihuri ndiye mwenzake. Kila barua inayoingia au kutoka anaipiga muhuri, ana mihuri kumi na minne imepangwa kama timu ya mpira na wachezaji wa akiba watatu. Watu wamemwita hivyo mpaka mumewe naye anamwita hivyo.

Sasa mwaka huu yakaja Mageuzi. Makaratasi yote yanaingia kwenye mfumo, na kabla ya mfumo kuwashwa, wafanyakazi waandaliwe. Akaletwa Meneja wa Mageuzi. Watu walimwita Tabasamu, kwa sababu lile tabasamu halimtoki hata anapokwambia lifti imekufa. Tabasamu akachukua vijana tisa waliomaliza shule, akatugawia tableti, akatuita waandishi wa hatua. Kazi: kaa na mfanyakazi, andika kila hatua ya kazi yake. Mjomba ndiye aliyenipelekea jina. Siku ya kwanza alinizungusha idara zote. "Mpwa wangu huyu! Mpwa wangu! Kichwa hiki!" Ananipiga kisogoni kama anayechagua tikiti.

Halafu ikaja semina ya hofu.

Tabasamu aliwakusanya wote ukumbini, akaleta sanduku. Akasema, mabadiliko yanatisha, kila mtu aandike hofu yake kwenye karatasi bila jina, atie sandukuni, hofu yako siri yako. Watu wakaandika. Kesho yake akaanza kuzisoma kwa sauti. Akafika kwenye moja: "Sina hofu. Nina maswali." Akaigeuza huku na huku, akatabasamu. "Hii ni ya masjala."

Ukumbi mzima ukacheka. Kumbe kila faili katika jengo lile lina mwandiko wa mjomba juu ya jalada, miaka ishirini na saba, mwandiko wake unajulikana kuliko sura yake. Yeye peke yake hakuwaza hilo. Alirudi masjala akakaa. Na kuanzia siku ile hakumwamini mtu, na wa kwanza kutoaminiwa nilikuwa mimi.

Nyumbani nikiingia sebuleni, mazungumzo yanakatika. Mezani ananiuliza, "Leo umeandika na hatua ya kutafuna?" Mkewe anacheka, mimi nacheka, yeye hacheki. Siku moja nilimkuta ameketi kitandani kwangu, ameipakata ile tableti imezimwa, anaiangalia kama mtu anayesubiri kisima kimjibu. Akasema alikuwa anatafuta miwani yake. Miwani ilikuwa usoni.

Basi wiki ya nne nikamuuliza ile rafu ya nyuma ya mlango. Ukifungua mlango wa masjala huioni, mlango unaifunika. Lazima uingie, ufunge, ndipo uione. Nikamuuliza ina nini.

"Taka."

"Taka gani?"

"Karatasi za kutupa. Andika taka."

Akamtazama Mama Mihuri. Mama Mihuri akainamia wino. Nami nikaandika taka.

Sasa niseme ukweli, maana hapa ndipo nilipo na deni la moyo. Nilishuku. Mtu hafuti vumbi la taka kila Jumatatu kwa kitambaa chenye maji. Mtu hafungi taka kwa uzi. Nilijua ananidanganya, na nikasema moyoni, haya, ukinidanganya na mimi nitaandika hivyo hivyo, tuone nani ataumia. Nilikuwa nimechoka kuitwa jasusi. Kwa hiyo nikaandika, nikatuma, nikaenda kula.

Tumerudi Ijumaa.

Mjomba aliitupa ile karatasi mezani, akaenda nyuma ya mlango, akachomoa faili moja lililofungwa uzi mwekundu, akanisukumia kifuani.

"Hii ni taka? Soma. Si umesoma wewe? Soma!"

Lilikuwa la mjane mmoja. Nyumba yenye mlango wa bati karibu na kiwanda cha matofali. Mumewe alifariki, shemeji zake wakaja Mamlaka wakitaka bomba lihamishiwe kwao, kisha waseme aliye na maji ndiye mwenye nyumba. Marehemu alikuwa ameandika barua moja kwa mkono wake kabla hajafa, kwamba bomba ni la mke wangu. Barua hiyo iko mle ndani, folio ya tisa, yaani ukurasa wa tisa. Nakala nyingine hakuna popote.

"Miaka sita," akasema mjomba. "Miaka sita wanakuja, wanauliza faili. Namwambia mkubwa yeyote anayekuja: faili ni mgonjwa. Mgonjwa hatolewi wodini. Mpaka mahakama iseme. Hapa ni wodi hapa! Mia mbili na kumi na nne. Waliofiwa, waliogombana, waliovunjiwa. Ukiwachanganya na wazima kule, karani mgeni atachomoa, atakata maji, atabadili jina, kwisha. Ndiyo nimewatenga. Na wewe umewaandikia magunia."

"Kwa nini hukuniambia hivyo nilipokuuliza?"

"Nikikwambia wewe nimemwambia Tabasamu."

"Si kweli!"

"Si kweli? Fungua hicho kibao chako."

Nikaibana tableti kwapani.

"Fungua, mwanangu," akasema Mama Mihuri. Sauti yake ilikuwa ya upole, na hiyo ndiyo iliyonibana. "Wiki sita unaandika, hata siku moja hatujasomewa. Mtu akiandikiwa barua si anasomewa?"

Sikutaka kuifungua, na si kwa ajili ya taka. Kila hatua niliyoandika ilikuwa na kiswali chini yake, herufi ndogo, ambacho huwezi kutuma bila kukijibu: *Je, hatua hii inahitaji mtu?* Kisha viduara viwili. Ndiyo. Hapana. Siku ya kwanza nilimuuliza Tabasamu, hii maana yake nini? Akatabasamu, akasema ni takwimu tu, jibu kwa haraka, usiwaze sana. Nikajibu kwa haraka. Sikuwaza sana.

Nikafungua. Nikaanza kusoma.

"Hatua ya kwanza. Kufungua mlango asubuhi."

"Enhe."

"Ya pili. Kupokea barua kutoka mapokezi. Ya tatu, kupiga muhuri wa tarehe..."

"Kuna kitu unaruka," akasema mjomba. "Macho yako yanashuka chini halafu yanapanda. Soma na cha chini."

Mtu aliyesoma mafaili miaka ishirini na saba humfichi mstari.

Nikakisoma kile kiswali. Nikasoma na majibu. Hatua arobaini na moja. Hapana, hapana, hapana. Kupokea barua, hapana. Kutafuta namba, hapana. Kufungua faili jipya, hapana. Nikawa nasoma haraka haraka kama anayemeza dawa chungu.

"Na mihuri?" akauliza Mama Mihuri.

"Hapana."

"Ipi?"

"Yote, mama."

Akachukua kifuniko cha kidau cha wino, akakifunika taratibu, akakikaza, akakikaza tena.

"Na ndiyo ni ngapi? Zimenipita," akasema mjomba.

"Ziko mbili."

"Zipi?"

"Kufungua mlango asubuhi. Na kupanda ngazi."

Alicheka. Laiti asingecheka. "Kupanda ngazi! Mama Mihuri umesikia? Mimi hapa wamenibakisha kwa sababu ya magoti! Na magoti yenyewe ndiyo haya!"

"Mjomba, mimi sikujua kama..."

"Ulijua. Usingejua ungesoma na cha chini tangu mwanzo."

Nilitaka kumwambia kwamba naye alinidanganya, kwamba tuko ngoma droo, lakini ukipima vizuri si droo. Uongo wake ulikuwa wa kulinda. Wangu mimi ulikuwa wa uvivu na hasira.

Mlango ukagongwa. Mjomba akaufungua nusu. Wanaume wawili wamebeba magunia matupu mabegani.

"Saa nne bado," akasema mjomba.

"Tunajua mzee. Tumewahi. Sisi tumetumwa tu."

"Kila mtu jengo hili katumwa. Kaeni hapo kwenye ngazi."

Akafunga. Saa ya ukutani ilisema saa nne kasoro dakika ishirini na mbili.

"Panda kwa Tabasamu," nikamwambia. "Mwambie ile si taka."

"Mpwa wangu." Ilikuwa mara ya kwanza kuniita hivyo tangu semina, na hakuniita kwa mapenzi. "Nikimwambia si taka, ataniuliza ni nini. Nikimwambia ni wodi, ataniuliza wamelala vipi, nani kalazwa kwa lipi, uzi mwekundu una maana gani, anatoka lini. Nikimaliza kumjibu nimemaliza kazi. Hiki ndicho kitu pekee humu ndani ambacho hakimo kwenye hicho kibao. Kikiingia, mimi nabaki kupanda ngazi."

"Na usipomwambia?"

Akaweka kiganja juu ya faili la mjane pale mezani, kama unavyomwekea mtoto mkono kwenye paji kupima homa.

"Usipomwambia," akasema Mama Mihuri, "saa nne wanasagwa wote. Na wewe utabaki kuwa fundi wa kitu kisichokuwepo. Siri ya wodi isiyo na wagonjwa ina faida gani, kaka?"

"Niambie mimi," nikasema. "Niandike. Nipande mimi."

"Wewe!"

"Mimi ndiye niliyeandika taka. Orodha ya hatua ilishafungwa jana. Haifunguliwi mpaka mwandishi mwenyewe aende akiri kwa maandishi kwamba alikosea. Ndiyo sheria yao."

"Na akikiri?"

"Anaondoka. Tulisainishwa. Ukikosea hatua unasahihisha, ukikosea rafu nzima unarudisha tableti."

Mjomba alinitazama vile unavyotazama yai mbele ya taa, kuona kama lina kifaranga au limeoza. Nikajua anawaza nini. Anawaza: huyu akishaipata siri ya wodi, ataipeleka juu, atapigiwa makofi, atapewa na cheo. Na mimi sikuwa na kitu cha kumthibitishia. Unathibitishaje kwamba hutamuuza mtu uliyekwisha kumuuza mara thelathini na tisa?

"Chukua karatasi," akasema. "Kibao weka kando."

Akaanza kusema, nami naandika kwa kalamu. Rafu ya juu, waliofiwa. Ya katikati, waliogombana, mke na mume, ndugu na ndugu, mpangaji na mwenye nyumba. Ya chini, waliovunjiwa na barabara. Uzi mwekundu, usiguse mpaka mahakama. Uzi mweupe, wameshapatana, bado kutiliana sahihi. Kila Jumatatu unapita kitanda kwa kitanda. Unasoma barua mpya. Unauliza mtaani. Kuna mwanamke mmoja alikaa uzi mwekundu miaka minne, na siku mjomba alipokutana na mumewe msibani akamwambia maneno mawili, Jumatatu iliyofuata ukawa mweupe. Maneno gani? "Hayo usiandike."

Nikafika mwisho, nikakiandika na kile kiswali mwenyewe, kwa mkono. Je, hatua hii inahitaji mtu?

"Utajibu nini?" akauliza.

"Ndiyo."

"Unanifurahisha."

"Sikufurahishi. Hii ndiyo. Mfumo hauendi msibani."

"Na zile thelathini na tisa? Utabadilisha?"

Mama Mihuri naye akanyanyua uso. Ningeweza kusema nitabadilisha. Lilikuwa neno moja tu, na wote wawili wangenisamehe palepale, na pengine jioni mezani mambo yangerudi kama zamani.

"Zote siwezi," nikasema. "Nyingine nilijibu ovyo, hizo nitamwambia nilijibu ovyo. Kupokea watu wanaokuja na barua wanalia, hiyo niliweka hapana, ni uongo. Lakini kubandika namba kwenye jalada haihitaji mtu, mjomba. Hata wewe unajua. Na muhuri wa tarehe, mama... samahani."

Nje wale wa magunia walikuwa wanacheka kitu chao.

"Muhuri wa tarehe hata mimi unanichosha," akasema Mama Mihuri. Lakini kifuniko cha wino hakukifungua.

Mjomba akasogeza kiti. "Hapo," akasema, "hapo angalau hujanidanganya." Hakusema ameniamini. Akavuta droo, akatoa kitabu kirefu cheusi kilichochakaa pembe. Akakifungua, akaweka rula chini ya mstari mtupu.

"Utataka faili moja la kumwonyesha. Maneno matupu hataelewa. Chukua la mjane. Andika hapa. Jina la anayechukua. Saa ya kutoka. Sababu."

"Mjomba, mimi ni mpwa wako, unaniandikisha?"

"Mkurugenzi anaandika. Mke wangu angekuja angeandika. Tena andika herufi zisomeke."

Nikaandika jina langu, lote, la kwangu na la baba. Saa nne kasoro dakika kumi. Kwenye sababu nikakwama, kisha nikaandika: kuthibitisha kwamba yu hai. Mjomba akasoma kila neno kwa kidole. Akafungua faili, akahesabu kurasa mbele yangu, moja hadi kumi na saba, akaigusa ile barua ya marehemu, akafunga, akakaza uzi mwekundu mafundo mawili.

Kisha akachukua kile kigoda cha kupumzishia miguu, akakiweka nyuma ya mlango, mbele ya wodi yake, akakaa. Mikono kifuani. Kama anayengoja basi ambalo hajui kama bado linapita njia ile.

"Saa nne watagonga," nikasema. "Kama sijarudi?"

"Watanikuta."

"Sasa si uniambie kwamba unaniamini, hata kidogo tu, nipande ngazi na nguvu."

"Panda," akasema mjomba. "Lirudishe faili."

Nilibana faili na karatasi kwapani, tableti mkononi. Wale wawili wakasimama kwenye ngazi na magunia yao waliponiona, wakachungulia juu ya bega langu kutazama kazi iko wapi. Nikatoka, nikauvuta mlango nyuma yangu mpaka ukafunga.